Ndege wa Msituni na Mtu Mwenye Njaa

Lipo swali moja ambalo huko milimani huulizwa kwa sauti ya chini, na huku mijini aghalabu haliulizwi kabisa. Mkulima mwenye shamba dogo na watoto wengi asimama penye mpaka wa msitu uliohifadhiwa. Nyuma yake shamba limechoka. Mahindi ni mafupi, na mawe yameanza kuonekana. Mbele yake pana udongo mweusi, wenye unyevu, uliolala chini ya miti tangu zamani zisizo na hesabu. Tena pana bango limwambialo kwamba haruhusiwi kuvuka, kwa sababu humo ndani wanaishi ndege na viumbe wengine wasiopatikana mahali pengine po pote duniani. Naye hujiuliza moyoni: Je, mbele ya Mungu, ndege huyo ana thamani kuliko mwanangu?

Swali hilo halistahili kuchekwa, wala halistahili kujibiwa upesi. Tumesikia majibu mawili ya upesi, na yote mawili twayaona kuwa na kasoro. Wengine husema: Mtu kwanza, ndege atajijua mwenyewe. Wengine husema: Sheria ni sheria, avukaye mpaka na ashitakiwe. Wa kwanza humsahau Mwumba, na wa pili humsahau jirani. Wiki hii, ndugu wasomaji, twapenda kulitazama swali hili polepole, kwa akili na kwa imani, kama wafanyavyo watu wa jamaa moja waketipo pamoja baada ya Misa ya Jumapili.

Ili tusiseme maneno ya hewani, na tuchague mahali pamoja: milima ya Uluguru, iliyo nyuma ya mji wa Morogoro. Milima hii ni sehemu ya safu ambayo wataalamu huiita Milima ya Tao la Mashariki. Safu hiyo huanzia Taita nchini Kenya, ikapita Upare, Usambara, Nguru, Ukaguru na Uluguru, hata kufika Udzungwa na Mahenge; mafungu 13 ya milima kwa hesabu yao. Upepo wa Bahari ya Hindi huja umebeba unyevu, ukaipiga milima hiyo, ukapanda, ukapoa, ukawa ukungu na mvua. Kwa sababu hiyo misitu yake haikutoweka hata katika zama zile ambapo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka. Na viumbe waliokuwamo wakabaki humo kama watu waliobaki visiwani, kila mlima na wake.

Miongoni mwa viumbe hao yumo ndege mmoja mwenye kofia nyeusi kichwani, mgongo wa kijani na kifua cha manjano, ambaye hukaa juu sana katika vilele vya miti mikubwa akitafuta wadudu. Ni vigumu kumwona. Mara nyingi husikika tu. Hayupo Usambara, hayupo Udzungwa, wala hayupo katika nchi nyingine yo yote. Kwao ni Uluguru peke yake, hasa upande wa kaskazini. Wataalamu waliofanya hesabu yapata mwaka 2000 walikadiria kuwa wapo jozi 1,200 hivi. Waliompa jina la Kilatini katika miaka ya 1920 walimwita *Malaconotus alius*. Sisi tuliotoka jasho na Kilatini seminarini twalifahamu neno hilo la pili: *alius* maana yake ni "mwingine". Bila shaka waliomwita hivyo walitaka kusema tu kwamba ni wa aina nyingine, mbali na jamaa zake. Walakini jina hilo latufaa kwa mafundisho. Huyu ni mwingine kweli kweli: si mali yetu, si chakula chetu, sisi hatumjui wala yeye hatujui. Je, tuna wajibu wo wote kwake?

Msomaji ataweza kusema: Ndege asiyeonekana, asiyeliwa, asiyeuzwa sokoni, ana faida gani? Kabla hatujajibu, twamsimulia habari moja. Mwaka 1991, katika misitu ya Udzungwa, wataalamu wa ndege waliokuwa kambini walitazama katika sufuria ya mchuzi, wakaona miguu ya ndege wasiyemfahamu. Walipotafuta zaidi walimpata kwale ambaye wana sayansi walikuwa hawajamwandika kamwe, na ambaye jamaa zake wa karibu wanaishi Asia, si Afrika. Habari hii huchekesha, nasi hatumkatazi mtu kucheka. Lakini yatufundisha kwamba mtu aweza kukila kitu, au kukiteketeza, kabla hajajua ni kitu gani. Neno "faida" hutegemea sana ujuzi wa mtu asemaye; na ujuzi wetu juu ya kazi ya Mungu ungali mdogo.

Hata hivyo, sisi hatupendi kuweka hoja yote juu ya faida. Ukisoma kwa makini sura ya kwanza ya Kitabu cha Mwanzo, utaona jambo ambalo wengi hulipita. Baraka ya kwanza iliyotajwa katika Biblia hakupewa mtu. Walipewa samaki na ndege, siku ya tano, wakaambiwa wazae na kuongezeka, wakati mtu alikuwa bado hajaumbwa. Basi Mungu aliwaona kuwa wema na kuwabariki kabla hajakuwapo mtu wa kuwatega, wa kuwafuga, wala wa kuwasifu. Wema wao haukungoja ruhusa yetu.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliuliza kwa nini viumbe ni wengi na wa namna mbalimbali. Alijibu kwamba wema wa Mungu ni mkubwa mno, kiumbe mmoja hawezi kuuonyesha wote. Kwa hiyo Mungu aliumba wengi, ili kile anachokosa mmoja kuonyesha, mwingine akionyeshe. Tufikirini maana ya fundisho hilo. Aina moja ya ndege ikiisha, dunia haipungukiwi nyama wala manyoya tu. Neno moja lililosema juu ya Mungu limefutwa, wala hakuna mtu awezaye kuliandika tena. Naye marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake *Laudato Si'* wa mwaka 2015, alifundisha jambo hilo hilo: kwamba viumbe wana thamani yao wenyewe mbele ya Mungu, na kwamba hatuna haki ya kuwaangamiza.

Wako watakaotujibu kwamba mtu alipewa kuitawala dunia. Naam, alipewa. Lakini atawalaye kwa niaba ya Mfalme hana ruhusa ya kuiteketeza nyumba ya Mfalme. Sura ya pili ya kitabu hicho hicho yaeleza utawala huo ni wa namna gani: Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kazi zote mbili alipewa mtu yule yule siku ile ile, jembe na ulinzi pamoja. Tena katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, imo sheria ndogo iliyo ngeni kwa wengi wetu. Mtu akikuta kiota njiani, na mama ameyalalia mayai au makinda, aweza kuwatwaa makinda, lakini mama lazima amwache aende zake. Na mwenye kuishika sheria hiyo ameahidiwa heri na maisha marefu. Ahadi hiyo ni ile ile waliyopewa wanaowaheshimu baba na mama. Mungu hakumkataza mwenye njaa kula. Alimkataza kula hata chanzo cha chakula.

Hapo, ndugu wasomaji, mizani imeanza kuonekana, lakini bado ina upande mmoja tu. Yafaa tuutazame na upande wa pili kwa uaminifu ule ule.

Bwana wetu alisema kwamba hata shomoro mmoja hasahauliwi na Mungu. Na papo hapo akawaambia wanafunzi wake kwamba wao ni bora kuliko shomoro wengi. Kwa hiyo mkulima wetu aliyesimama penye mpaka na apewe jibu lake wazi, bila kuzungukazunguka. La hasha, ndege hana thamani kuliko mwanao. Mwanao ameumbwa kwa sura ya Mungu, amekombolewa kwa damu ya Kristo, na ameitwa kuishi milele. Mtakatifu Thoma yule yule afundisha kwamba katika dhiki ya kweli, ambapo uhai umo hatarini wala hapana njia nyingine, vitu vyote huwa vya wote. Naye atwaaye kile kinachomponya na kifo haibi. Mtu asije akalitumia jina la Mungu Mwumba kumfukuza mwenye kufa njaa.

Lakini fundisho hilo lazungumza juu ya dhiki ya kweli, na juu ya kitu kinachoiponya dhiki. Na hapa twamwomba mkulima atusikilize kama ndugu. Udongo mweusi wa msituni juu ya mteremko mkali si akiba isiyokwisha. Unashikiliwa na mizizi, unafunikwa na majani, na mvua huufikia imekwisha vunjwa nguvu na matawi. Miti ikiondoka, mvua huupiga ukiwa uchi. Mavuno ya kwanza huwa mazuri. Kisha kila masika huondoka na sehemu yake, hata shamba jipya likafanana na lile la zamani, na mpaka ukasogezwa tena juu. Kati ya Uluguru ya kaskazini na Uluguru ya kusini, mahali paitwapo Bunduki, palikuwa na msitu uliounganisha pande hizo mbili. Kati ya mwaka 1955 na mwaka 1977 msitu huo ulikatwa. Ndege wengi wa ndani ya msitu hawathubutu kuvuka mahali palipo wazi; nao watu hawakuacha kuwa na haja ya ardhi. Wahenga walisema: Mchuma janga hula na wa kwao. Baba anayekata mti penye chanzo cha kijito humpa mwanawe mahindi ya mwaka mmoja, na humnyang'anya mjukuu wake maji.

Hivyo si kweli kwamba mtoto na ndege ni maadui, kila mmoja akishindania nafasi ya mwenziwe. Kwa sehemu kubwa msitu umlishao ndege ndio umnyweshao mtoto. Wazee wa Kiluguru walilijua jambo hili kwa njia yao. Koo zao zilikuwa na misitu midogo ya makaburi, ambamo hapana aliyethubutu kuingia na shoka. Sisi Wakristo hatuabudu miti wala mizimu. Lakini ingekuwa aibu kubwa kama tuliobatizwa, tumjuao Mwumba kwa jina lake, tungekuwa na shoka jepesi kuliko wale waliomtafuta kwa kupapasa.

Na tungeweza kuikomesha makala yetu hapa, tukamhimiza mkulima atii sheria, tukamaliza kwa sala. Wengi hukomea hapa. Lakini twaona kwamba tukikomea hapa tutakuwa tumemtwika mtu mmoja mzigo wa wengi, kisha tukamwita mkaidi akilalamika. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nasi tuandikao makala hii, tukiwa na meza na taa, tumo katika hatari ya methali hiyo.

Basi na tuulize: Ni nani anayefaidi msitu wa Uluguru? Mito ya milima hiyo, kama Mgeta na Mfizigo, huteremka na kuingia mto Ruvu. Na Ruvu ndio uwapao maji wengi wa wakazi wa Dar es Salaam. Mwezi wa Oktoba na Novemba mwaka 2021, kina cha Ruvu kiliposhuka, mji ule uliingia katika mgao wa maji. Watu wakazunguka na ndoo, wakinunua maji kwa bei ya kuumiza. Ukame ulikuwa sababu kubwa, wala hatusemi kwamba yote yalitokana na shoka. Lakini siku zile kila mtu mjini alijua kwamba maji hayazaliwi bombani. Basi, msitu ukihifadhiwa, anayefaidi ni mfanyakazi wa mjini, mwenye kiwanda, mwenye hoteli, mwanafunzi, na sisi wenye kuchapa magazeti. Na anayenyimwa shamba jipya ni nani? Ni mkulima wa mlimani peke yake. Faida imegawanywa kwa mamilioni. Gharama imewekwa juu ya mgongo wa wachache, nao ni maskini kuliko wengine wote.

Juu ya jambo hili Mtakatifu Thoma ana neno ambalo twapenda kila mtungaji wa sheria alisome. Afundisha kwamba sheria yaweza kukosa haki hata kama yalenga manufaa ya wote, ikiwa mizigo yake imegawanywa isivyo sawa. Tusisitize maneno hayo: *hata kama yalenga manufaa ya wote*. Haitoshi kusema kwamba msitu ni wa taifa zima, au kwamba ndege yule ni urithi wa ulimwengu. Kama ni wa taifa zima, basi taifa zima lilipe. Kama ni urithi wa ulimwengu, ulimwengu na ushike upande mmoja wa mzigo.

Historia ya Uluguru yenyewe yatuonyesha tofauti iliyopo kati ya njia mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha huko mpango wa kuhifadhi ardhi. Nia yake kwa maneno ilikuwa njema: udongo ulikuwa ukiporomoka, nao ulitaka kuuzuia. Wakulima waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao ya mteremko. Kazi ilikuwa nzito mno. Tena ilipochimbwa vibaya ilileta juu udongo wa chini usio na rutuba, na mavuno yakapungua. Asiyechimba aliadhibiwa. Watu walinung'unika, hawakusikilizwa, wakakataa, wakalazimishwa. Mwaka 1955, huko Matombo, manung'uniko yakageuka ghasia, risasi zikapigwa, na mtu mmoja akapoteza maisha yake. Mpango ukavunjika. Kwa miaka mingi baadaye tuta la ngazi lilibaki kuwa jina la uonevu katika milima ile.

Miaka hamsini ikapita. Kuanzia mwaka 2006, katika bonde la mto Mfizigo huko Kibungo Juu, ulifanywa mpango wa namna nyingine. Wakulima na watumiaji wakubwa wa maji ya Ruvu walikutanishwa, wakapatana: mkulima atalima kwa kuzuia udongo, atapanda miti na majani ya kushika ardhi, ataacha kulima ukingoni mwa mto, na mtumiaji wa maji aliye chini atamlipa kwa kazi hiyo. Miongoni mwa kazi ambazo wakulima walizifanya, kwa mikono yao na kwa hiari yao, yalikuwamo matuta ya ngazi. Yale yale, ndugu wasomaji! Matuta waliyoyakataa babu zao mbele ya bunduki, wajukuu waliyachimba mbele ya mapatano. Mlima haukubadilika, wala mvua haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mara hii mkulima aliulizwa, akafundishwa, na jasho lake likahesabiwa kuwa kazi yenye ujira.

Hatusemi kwamba mpango ule ulikuwa mkamilifu. Malipo yalikuwa madogo, na kama miradi mingine ulikuwa na mwanzo na mwisho. Lakini kwetu ni ushuhuda wa jambo ambalo Kanisa limelifundisha tangu waraka *Rerum Novarum* wa Papa Leo wa Kumi na Tatu, mwaka 1891: kwamba atoaye kazi yake ana haki ya ujira wa haki, na kwamba amani haijengwi juu ya mgongo wa mtu asiyesikilizwa. Mlinzi wa msitu afanya kazi, hata kama kazi yake ni kuacha kukata. Kuacha nako kuna gharama.

Wala si Uluguru tu. Katika Usambara Mashariki, mahali paitwapo Derema, wakulima walikuwa wakipanda iliki chini ya miti ya msitu. Katika miaka ya kwanza ya karne hii iliamuliwa kwamba eneo lile lihifadhiwe, ili misitu ya Amani, iliyo kusini, isitengwe na misitu ya kaskazini, na ndege na viumbe wengine wapate njia. Kwa kuwatazama viumbe peke yao, uamuzi huo ulikuwa wa busara. Yaliyotukia Bunduki yaonyesha hasara ya kuiacha misitu itengane. Wakulima walipimiwa mazao yao na kuahidiwa fidia, nayo ikalipwa. Lakini ililipwa kwa awamu, na miaka ikapita kati ya kupimwa na kumalizwa. Mtu aliyezoea kupokea mshahara kila mwisho wa mwezi hawezi kujua maana ya miaka hiyo kwa mjane mwenye miche ya iliki, ambaye ada ya shule ya watoto wake ilitoka katika miche hiyo. Haki iliyochelewa kwa maskini ni njaa ya kweli, si hesabu ya karatasini tu.

Basi twasema nini kwa ufupi? Twasema kwamba viumbe wa Mungu wana haki ya kutoangamizwa, na kwamba mtu hana ruhusa ya kuifuta aina nzima ya viumbe ili apate mavuno ya misimu miwili mitatu. Twasema pia kwamba wajibu wa kuwatunza ni wa wote, na kwa hiyo gharama ni ya wote. Anayeshika neno la kwanza na kuliacha la pili atageuka mwonevu. Anayeshika la pili na kuliacha la kwanza atawaachia watoto wake mlima wa mawe. Maneno haya mawili ni kama mafiga: ukiondoa moja, chungu kitaanguka, hata kama jingine ni imara namna gani, na figa la tatu ni upendo, unaowafanya watu wakae chini na kusikilizana.

Sasa kila mmoja wetu na ajitazame. Wewe baba na mama mkaao karibu na msitu: mpaka uliowekwa kwa haki na uheshimiwe hata pale ambapo mlinzi hayupo, maana Mungu yupo. Moto wa kusafishia shamba usiachwe ukapanda mlimani. Moto wa mtu mmoja mzembe huchoma kazi ya vizazi vingi. Na kama mpaka umewekwa bila haki, semeni, andikeni, pelekeni neno kwa viongozi wa kijiji na kwa mapadre wenu; lakini msilipe uonevu kwa kumwonea yule asiye na kinywa.

Wewe mkazi wa mjini: ufunguapo bomba asubuhi, kumbuka kwamba maji hayo yana mlinzi, naye yamkini hajala. Usimwite mharibifu hali mkaa wako umetoka katika miti hiyo hiyo, na wewe ndiwe uliyeuagiza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ikiwa siku moja utaombwa kuongeza kidogo katika ankara yako ya maji ili fedha hizo zirudi milimani, usinung'unike. Zaidi ya sadaka, hilo litakuwa deni unalolilipa. Wewe nawe uliye katika ofisi yenye kuamua: usiweke sahihi yako kwenye ramani ya hifadhi kabla hujaketi na watu ambao ramani hiyo itapita juu ya mashamba yao, na kabla fedha ya fidia haijawa tayari.

Nasi wa Kanisa tusijifiche nyuma ya mimbari. Misheni zetu zilijengwa kwa mbao nyingi za milima hii, na baadhi ya parokia zina ardhi kubwa. Tujiulize mbao za paa letu zimetoka wapi. Tujiulize vilima vya misheni vina miti au vipara. Tujiulize kama katekista wetu amewahi kuwafundisha watoto ile sheria ya kiota. Mtoto wa Komunyo ya Kwanza anayefundishwa kumwacha mama wa ndege aende zake amejifunza jambo kubwa: kwamba upo mpaka ambao mikono yake, hata ikiwa na nguvu, haitauvuka kwa ajili ya Mungu.

Mwaka 2008 misitu ya Uluguru iliunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia, yenye hekta 24,000 hivi. Twaifurahia hatua hiyo. Lakini hifadhi haikai juu ya karatasi ya serikali peke yake. Hukaa juu ya dhamiri za watu waishio ukingoni mwake, na dhamiri ya mtu aliyeonewa ni msingi mbovu wa kujengea.

Turudi basi kwa mkulima wetu, ambaye tumemwacha amesimama penye mpaka. Hatuna ruhusa ya kumwambia "usivuke" kisha tukageuka na kwenda zetu. Anayemwambia neno hilo lazima asimame naye pale, amsaidie kulirudishia rutuba lile shamba lililochoka, amtafutie bei ya haki ya mboga na matunda yake, amlipe kwa maji anayotulindia, na watoto wake wapate shule. Hapo neno "usivuke" litakuwa neno la ndugu kwa ndugu, naye atalikubali, maana yeye aupenda mlima ule kuliko sisi sote. Na juu ya kichwa chake, katika kilele cha mti asichoweza kukifikia, yule ndege aitwaye Mwingine ataendelea kulia sauti yake mbele ya Mungu aliyembariki siku ya tano.

Mwenyezi Mungu, aliyemweka mtu bustanini ailime na kuitunza, atujalie mikono ya kufanya kazi zote mbili.